Meza Iliyopanda Mawinguni

Fundi Pini alipewa jina hilo na baba yake mwenyewe. Ujanani, alipokuwa akijifunza kukata nguo, aligundua kwamba mtu mwenye pini mdomoni haulizwi maswali. Mteja akiingia na maneno yake mengi, yeye hubana pini midomoni, huitikia kwa kichwa, hupima mabega, yakaisha. "Wenzake wana haya," baba alikuwa akisema, "huyu ana pini." Miaka ikaenda, kichwa kikaanza kuota mvi, na pini zikabaki pale pale.

Karakana yao ilikuwa chumba kirefu, cherehani zimepangwa chini ya madirisha na meza ya kukatia katikati. Mchana cherehani ziliponguruma pamoja, na mvuke wa pasi ukapanda darini, Fundi Pini alijiona kama mtu aliyelala huku anatembea. Mkasi ulijiendea wenyewe. Mawazo nayo yalijiendea, hakuna aliyejua wapi.

Baba alipofariki aliacha amri moja na sanduku moja. Amri ilikuwa hii: meza hailali na kitu. Anayefunga karakana jioni sharti aondoe kila kilichobaki juu yake, chaki, mkasi, vipande visivyoshonwa, avitie kwenye kapu kubwa, kapu litundikwe msumarini hadi asubuhi. Kazi hiyo ilikuwa ya shangazi, dada wa marehemu, mama wa mapindo na vifungo, mwenye ulimi uliokata kitambaa bila mkasi.

Sandukuni mlikuwa na karatasi za kukatia, zile za kaki za mifuko ya saruji, kila moja na umbo la mwili wa mtu. Baba hakuandika majina. Aliandika kwa penseli jinsi alivyowajua: "Mwalimu, bega la kushoto limelala." "Mke wa seremala, asibanwe kwapani." "Huyu ana haraka, mpe leo." Wengi wao walikuwa wameshatangulia mbele ya haki, lakini mabega yao yalikuwa bado humo. Na kwenye karatasi ya gauni la mama yao, Fundi Pini na dada yake, baba aliandika neno moja tu: "Wangu."

Kisha paa likavuja, na maji yakachagua kudondokea sanduku, kana kwamba chumba kizima hakikuwa na pengine.

Walizibandua moja moja, wakazipitishia pasi ya uvuguvugu, wakalaza futi kando ya kila karatasi ili vipimo visipotee, na Fundi Pini akazipiga picha kwa simu. Zilipokauka zilivunjika mikononi kama majani makavu. Kilichobaki cha baba kikawa ndani ya simu.

"Kaka, tukodi wingu," alisema dada yake, aliyekuwa amefungua karakana yake katika mji mwingine.

"Wingu la mvua?"

"Nafasi, kaka. Kwenye kompyuta kubwa za kampuni. Yetu peke yetu, tunaingia kwa neno la siri. Mimi huku nikitaka karatasi ya baba, naifungua tu."

"Si nikutumie kwa simu?"

"Za kutumiana zinafika zimesinyaa, halafu kesho nazikuta kwa fundi wa jirani. Tukodi. Na wewe ndiye utakuwa msimamizi."

"Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu siri yako hata wewe mwenyewe hujawahi kuisikia."

Fundi Pini akafungua akaunti siku hiyo hiyo baada ya chakula, kwenye kompyuta ndogo ya karakana, wenzake wakiwa wamejinyoosha kwenye mikeka. Alishangaa kuona kwamba kazi ile inampendeza. Kompyuta ilimuuliza mambo, lakini haikumkodolea macho. Jina la akaunti? Akaandika jina la karakana. Neno la siri? Akaandika. Ikatuma tarakimu kwenye simu yake ili ihakikishe ni yeye, akazirudisha. Ikauliza anataka nafasi kubwa kiasi gani, naye akachagua iliyozidi kidogo, kama anavyoacha upindo mpana kwenye sare ya mtoto, maana mtoto hukua.

Halafu ikauliza ni nani wengine wataingia, na kila mmoja aruhusiwe nini: kutazama tu, kutazama na kuongeza, au yote pamoja na kuondoa. Dada, yote. Alipofika kwa shangazi, kidole kikasita hewani. Mwanamke aliyembeba mgongoni, aliyemfundisha kutunga uzi kwenye sindano, umwandikie "kutazama tu"? Kama mgeni mlangoni? Akampa yote.

Akaanza kupandisha picha. Mstari mwembamba wa buluu ulitambaa polepole kwenye kioo. Akaegemea dirisha. Nje kulikuwa na wingu moja jeupe juu ya mabati, limekaa kama shati kwenye kamba, na Fundi Pini akaziona karatasi zikipanda: bega lililolala la mwalimu likielea, mikono mitupu ikipunga, kola zikizunguka kama ndege, na nyuma yao wote gauni la mama, bila haraka, likikunja kiuno kupita juu ya waya wa umeme. Aliposhtuka mstari ulikuwa umefika mwisho. Simu ilikuwa imejaa, akazifuta picha humo. Aliamini zimekwenda mahali salama kuliko mkono wake.

Wiki kadhaa baadaye dada akapiga. Binti yake alikuwa anaolewa, naye dada alikuwa amekwisha kununua kitambaa. Alitaka kumkatia gauni kwa karatasi ya mama yao.

"Kaka, huku kweupe. Hakuna kitu hata kimoja."

Fundi Pini akafungua kompyuta. Kweupe kweli, kama meza asubuhi na mapema. Shangazi alisogea kutazama, sindano imechomekwa kifuani.

"Hivi mnatafuta zile karatasi? Si nilizitunza?"

"Ulizitunza wapi, shangazi?" dada aliuliza simuni.

"Nilikuwa nafunga. Nikachungulia huko kwenye wingu lenu nikakuta zimetapakaa, nikasema, hawa watoto wamesahau amri ya baba yao. Nikazitia kapuni. Si kuna kapu pale pembeni?"

Cherehani zikanyamaza moja baada ya nyingine.

"Shangazi, kapu lile ni la takataka," alisema dada. "Hujimwaga lenyewe."

"Kapu gani linajimwaga lenyewe? Limetoboka?"

Shangazi akatazama nyuso zao, akaelewa, na kwa mara ya kwanza ulimi wake ukakosa kitambaa cha kukata. Akaketi juu ya kigoda.

"Kampuni wana nakala ya akiba," dada alisema simuni, "ila inafutwa leo jioni. Niliwapigia kabla sijakupigia, wanasema watazungumza na msimamizi tu. Kwa sauti yake. Kaka, unanisikia?"

Alimsikia. Hakuwa amewahi kumpigia mtu asiyemjua tangu azaliwe. Shangazi akainuka, akamnyooshea kiganja kilicho wazi, kama mtu anayemtoa mtoto mchanga kokoto mdomoni.

"Zilete hizo pini, mwanangu."

Akazitema kiganjani pake, akaipigia kampuni.

"Msimamizi ni nani hapo?" aliuliza mwanamume upande wa pili.

Fundi Pini akajibu, "Ni mimi."

"Tarakimu nilizokutumia?" Akazisoma. "Vizuri. Sasa nieleze kilichokuwamo, nione kama tunazungumzia kitu kimoja."

Basi akaeleza. Alianza kwa kuokoteza maneno, kisha yakaja yenyewe. Akamweleza bega la mwalimu. Akamweleza mke wa seremala na kwapa lake, mwenye haraka aliyepewa nguo siku ile ile, jinsi baba alivyolaza penseli akiandika, jinsi karatasi ya kaki inavyonukia ikipigwa pasi. Hakuna aliyeshona. Shangazi alikuwa amefumba macho, pini mkononi, anasikiliza watu wake wakipita mmoja mmoja.

"Na ya mwisho," alisema, "imeandikwa 'Wangu.' Ni ya mama."

Vitufe viligongwa upande wa pili. Kisha: "Ninaiona. Subiri nikurudishie."

Zikarudi moja moja, za kaki, na futi kando yake. Dada alipopigiwa simu alilia kidogo, akapenga kamasi, akasema anachukua mkasi kabla hazijabadili mawazo.

Lakini Fundi Pini hakuifunga kompyuta. Alifungua ukurasa wa watumiaji, akafika kwenye jina la shangazi. Angeweza kubofya kimyakimya, asijue mtu. Akageuka.

"Shangazi, ninakuondolea ruhusa moja."

"Unanifungia mlango, mwana wa kaka yangu?"

"Mlango hapana. Kapu tu."

Shangazi akazichezesha pini kiganjani. "Aliyekufundisha kusema ni nani?"

"Wewe. Umenitoa pini."

"Basi nimejikata mwenyewe," akasema, na kicheko kikamtoka hadi kigoda kikalia. "Niondolee. Tena haraka, kabla mkono haujawasha."

Jioni shangazi alisafisha meza kama kawaida, chaki, mkasi, vipande vyote, akatundika kapu msumarini. Kisha badala ya kuzima taa akavuta kigoda kando ya mpwa wake. "Nioneshe." Karatasi zilikuwa zimetapakaa kioo kizima, bega karibu na kiuno, bila mpango. Vidole vyake vilicheza hewani, vikitamani.

"Kwa hiyo huko meza inalala na vitu."

"Inalala navyo, shangazi."

Akaguna. Akalitafuta lile gauni kwa macho hadi akaliona, akalitazama sana.

"Haya," akasema, "waache walale." Akampa pini zake, naye Fundi Pini akazichomeka kwenye kola, akazima taa.