Mama wa Binti Juu ya Baiskeli

Jamani, nichekeni mnavyotaka, ila msije mkanikumbusha mbele za watu, maana kuna aibu nyingine ukiikumbuka unajifunika khanga usoni hata kama uko peke yako chumbani.

Mnajua nilivyokuwa baada ya baba Rahma kufariki. Duka la vitenge nikamwachia mdogo wangu, mimi nikawa mtu wa kukaa barazani tu, silali, sili, natia chumvi kwenye chai, nasahau jiko linawaka, mpaka nikaogopa kwamba akili ndiyo inaniaga. Daktari niliyepelekwa (kasichana kadogo, nusura nimuulize mama yake yuko wapi) akaniambia, "Mama, ubongo wa mtu mzima bado unajifunza. Ukiupa kitu kigeni, kigumu kidogo, unajitengenezea njia mpya, na moyo nao unapata nafuu. Dawa utakunywa, lakini tafuta na kitu cha kujifunza." Nikasema kimoyomoyo, huyu hanijui, kwa umri wangu kilichobaki kujifunza ni kufa tu.

Lakini kilichonijia kichwani ni baiskeli. Utotoni kaka zangu wote waliendesha, mimi nikaambiwa mtoto wa kike haendeshi. Basi nikamfuata fundi Shomari, anayeziba pancha pale kwenye kona yetu Kariakoo, akacheka mpaka akakaa chini, halafu akakubali. Kila Jumapili, maduka yamefungwa na mtaa umepumua, mimi juu, yeye nyuma kashika kiti, sote tunahema. Mwanzoni nilidondoka kama nazi. Halafu siku moja, wallahi sijui niielezeje, nilipanda tu na mwili ukajua! Jumapili iliyotangulia nilikuwa sijui, wiki nzima sikuigusa baiskeli, nimelala zangu na kuamka, kumbe humu kichwani kazi ilikuwa inaendelea bila mimi kuambiwa. Nilitokwa na machozi palepale juu ya kiti. Kichwa nilichokwisha kukikatia tamaa! Toka siku hiyo usingizi ukaanza kurudi, nikawa najishika paji la uso kwa mshangao, nasema, ya Rabi, humu ndani umeweka nini?

Ndipo ikafika Jumapili ya mwanangu Rahma kuletewa mahari. Wakwe wanatoka Magomeni, wafike baada ya alasiri, na kwetu siku hiyo mama wa binti anakaa ndani, katulia, haonekani ovyo. Mimi mchana nimeshamaliza kila kitu, nimejipaka liwa usoni ning'ae, nasubiri ikauke. Baiskeli aliyoniazima Shomari iko uani inaniangalia. Nikasema, kaduara kamoja tu, nani ataniona. Nikafunga dera kiunoni kwa khanga, nikatoka mlango wa nyuma.

Raha tupu! Upepo usoni, liwa inakauka vizuri, nikakata kona kwa maringo, na mbele yangu, jamani, wakwe! Waliogopa foleni wakatoka kwao mapema, gari limewaacha Msimbazi, wanakuja kwa miguu na vigelegele, kina mama wana masinia kichwani. Mtaniuliza kwa nini sikusimama. Kusimama nilikuwa sijafundishwa! Siku zote Shomari ndiye ananidaka, breki tulisema wiki ijayo. Na ubongo wangu niliousifu sana ukafanya kile kile ulichofundishwa, ukaendelea kukanyaga pedali.

"Pisheni! Pisheni jamani!"

Wakapisha wote, isipokuwa mama mmoja mwenye sinia la halua.

Nilipofumbua macho niko chini, liwa usoni, halua kifuani. Mjomba wa bwana harusi akauliza, "Huyu mwendawazimu katokea wapi?" Na Rahma, aliyekuwa ametokeza mlangoni kupokea wageni, akajibu kwa sauti ndogo, "Mama yangu huyo."

Mjomba akageuka. "Basi turudini. Nyumba yenyewe ndiyo hii?"

Nilitamani ardhi inimeze. Nimeivunja ndoa ya mwanangu kwa kaduara kamoja! Mwenye sinia akainama kuniinua, na hapo nikamtambua, ni Bi Zuhura, mama wa bwana harusi mwenyewe.

"Mzazi mwenzangu, umri huu unajifunza baiskeli?"

"Daktari kaniambia nijifunze kitu," nikasema, machozi yananitoka. "Toka nifiwe na mume nilikuwa naumwa huzuni. Silali."

Akanifuta halua kwa mtandio wake, polepole. "Na sasa unalala?"

"Nalala."

Akaukung'uta mtandio. "Mimi toka baba yao aondoke, sijalala." Kisha akamgeukia yule mjomba. "Kaka, ingiza mahari ndani. Nyumba ni hii hii."

Rahma kaolewa, alhamdulillahi, na mimi nimeapa siku ya wakwe sigusi chombo chochote chenye tairi, hata mkokoteni. Ila Jumapili siku hizi tunajifunza wawili. Juzi Bi Zuhura kaendesha peke yake mpaka mwisho wa mtaa, kashuka, akanishika mkono akaninong'oneza, "Mzazi mwenzangu, hiki kitu nimekijua saa ngapi?"