Mzee Nyongeza na mkate usioongezwa kitu

Saa kumi na moja alfajiri, mwanamume ambaye ameuza nyama kwa miaka thelathini na mmoja amesimama kwenye sinki la jirani yake, anasugua mikono kwa kipande cha limau. Anaanzia kwenye kucha, anapanda hadi viwikoni, ananusa, anatikisa kichwa, anaanza upya.

"Bado nanuka bucha," anasema.

"Limau jingine lipo dirishani," anajibu mwenye jiko bila kugeuka. "Na hiyo aproni yako usiingie nayo humu, mzee wangu. Itundike nje."

Chumba chenyewe ni kidogo. Kuna meza ndefu ya mbao iliyobonyea katikati kwa kukandiwa, tanuri la milango miwili, na rafu ya vyombo vya kuokea vilivyopakwa mafuta ya alizeti. Mlango huu haujawahi kupitisha yai, maziwa, siagi wala asali. Mwokaji, mama wa miaka arobaini na miwili, huoka mikate na keki kwa vitu vinavyotokana na mimea tu. Ng'ambo ya barabara, hatua kumi na tisa kutoka hapa, ndipo lilipo bucha la mwanafunzi wake, huyu anayesugua mikono. Hatua hizo amezihesabu mwenyewe, asubuhi ile ya kwanza alipokuwa akitafuta ujasiri wa kubisha hodi.

Mwanafunzi huyo ana miaka hamsini na tisa, mabega mapana, na masharubu ambayo sasa hivi yana unga. Mtaa mzima unamwita Mzee Nyongeza. Jina hilo alipewa na mizani yake. Mteja akiagiza kilo moja, mzee hupima kilo moja, kisha kisu kinarudi kwenye gogo, kinakata kipande na kukitupia juu.

"Kilo moja ni haki ya mteja," anaeleza. "Nyongeza ndiyo mimi."

Mtu kama huyo anatafuta nini kwenye jiko lisilojua hata harufu ya samli? Swali hilo wateja wake wamemuuliza kwa kila namna ya utani. Kwangu mimi alilijibu kwa sentensi moja, macho yake yakiwa kwenye unga.

"Nataka mwanangu ale chakula changu."

Mwana huyo ni binti, mtoto wake wa pekee. Mama yake alifariki binti akiwa na miaka tisa, na muuza nyama akabaki na msichana mwembamba ambaye hakujua aanzie wapi kumlea. Kila jioni alifunga bucha, akachagua mfupa mnene wenye uboho, akaufunga kwenye karatasi na kwenda nao nyumbani.

"Kusuka nywele sikujua. Hesabu za shule zilinishinda tangu enzi zangu," anasema. "Mfupa nilijua. Nikimwona anaunyonya, nilijua leo mtoto wangu ameshiba, nami nalala."

Msichana alikua, akasoma, akaajiriwa kwenye maabara inayopima usafi wa maji. Alipofika miaka ishirini na miwili aliacha kula kitu chochote kinachotokana na mnyama. Hakugombana na mtu, wala hakumwambia baba yake afunge bucha lililomlipia ada. Aliomba jambo moja tu: akija nyumbani apikiwe maharage, na ndani yake kusiwe na kitu kingine.

Baba akasema sawa. Jumapili ile akabandika maharage, akakaa kando ya jiko akimwangalia binti yake kupitia mlangoni. Alimwona amekonda. Mkono ukamwasha. Akatumbukiza mfupa sufuriani, akiwaza kwamba atautoa kabla ya kupakua na hakuna atakayejua.

Aliutoa kweli. Lakini mfupa ulikuwa umeacha kibanzi kidogo, na kibanzi kikaishia mdomoni mwa binti. Alikitoa kwa vidole viwili, akakiweka ukingoni mwa sahani, akamtazama baba yake. Baba akasema mfupa ulidondoka sufuriani kwa bahati mbaya.

"Hakupiga kelele," anasema mzee. "Angepiga kelele pengine ningepona."

Hiyo ni miaka sita sasa. Binti hajasusa kwao. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi anakuja, anafagia, wanapiga soga, anamkata baba yake kucha za miguu. Ila saa ya chakula ikifika hufungua mkoba wake, akatoa bakuli lenye kifuniko cha bluu na kula alichopika mwenyewe. Chai ya baba yake haigusi. Maji hujichotea bombani.

Nilipompigia simu, binti alisita kwanza, kisha akasema kwa upole: "Baba yangu si mtu mbaya, naomba usiandike hivyo. Hakuna aliyenipenda kama yeye. Lakini nilimwomba kitu kimoja, akakubali, halafu akanizunguka nikiwa mezani kwake. Tangu siku ile, nikipakuliwa chakula pale, koo linakataa lenyewe."

Kilichomvusha mzee barabara ni kitu alichokiona mwaka jana kupitia dirisha la bucha. Binti yake alipomaliza kumuaga, alivuka moja kwa moja hadi kwa mwokaji, akanunua mkate, akaumega hapohapo kibarazani na kuula bila kuukagua.

"Nilimwona anatafuna huku anacheka na yule mama," anasema. "Wivu ulinishika, sikufichi. Kesho yake nikauza nyama siku nzima sina raha."

Ilimchukua miezi mitatu kubisha hodi. Alipofika akavua kofia, akaomba afundishwe mkate mmoja tu, ule mtamu wa ndizi. Mwokaji alimsikiliza hadi mwisho, kisha akatoa sharti lake.

"Sifundishi mtu kuoka asichokula. Siku thelathini ule mimea mitupu, nami nitakufundisha bure. Ukishindwa, ukanunue mkate kama watu wengine."

Mwokaji huyu ana historia yake. Alipokuwa msichana alifanya kazi kwenye kiwanda cha keki, na kazi yenyewe ilikuwa moja: kuvunja mayai. Mia tisa kwa siku, kwa miaka minne. "Niliyavunja ya kunitosha maisha," anasema akicheka. "Nilipoanza kuoka kwangu, nikajiambia hapa yai halikanyagi. Watu wakadhani ni dini mpya."

Siku thelathini zilimwendesha mzee mchakamchaka. Mchana anakata mbavu za ng'ombe, saa saba anakaa nyuma ya bucha na sahani ya mboga za majani na viazi. Uzito ulishuka kilo nne. Wateja walipata la kusema. Mmoja alimwambia muuza nyama asiyekula nyama ni sawa na kinyozi mwenye kipara. Mwingine aligoma kununua hadi aelezwe nyama ina tatizo gani.

"Wiki ya kwanza nilikuwa naota mishikaki," anakiri. "Wiki ya pili nikaanza kusikia ladha ya kiazi. Umri wangu wote sikujua kwamba kiazi kina ladha yake."

Siku ya tisa aliteleza. Jirani alimpa mchuzi aonje chumvi, akaonja kijiko kimoja, mara vikawa vitatu. Hakuna aliyemwona wa kumshitaki. Alfajiri iliyofuata alisimama mlangoni kwa mwokaji, akasema yote, hata idadi ya vijiko. Mwokaji akachukua kalenda ya ukutani, akafuta alama zote tisa.

"Leo ni siku ya kwanza," akamwambia.

Kwangu mimi mwokaji alisema jingine. "Angeweza kunyamaza, nami nisingejua mpaka kesho. Alipokuja mwenyewe kusema, ndipo nilipoanza kumfundisha kwa moyo."

Kufundisha kwenyewe, hata hivyo, kulitaka uvumilivu wa mkunga. Mkate wa ndizi una vitu sita: unga, ndizi zilizoiva hadi ganda likawa jeusi, mafuta, sukari, chumvi na hamira. Kila kimoja kina kipimo chake. Mzee alipima vizuri kabisa, jicho lake halikosei hata gramu. Tatizo lilikuwa baada ya kupima. Mkono ulirudi wenyewe kwenye kopo na kutupia kidogo juu.

Mkate wa kwanza uliumuka hadi ukamwagika kwenye tanuri, na moshi ukawatoa wote wawili nje. Wa pili ulizama katikati, maana ndizi zilikuwa nne badala ya tatu. Wa tatu ulikuwa na chumvi ya kutosha ukoo.

"Mzee, umeongeza tena?"

"Kidogo tu, mwalimu."

"Nani kakuomba?"

"Mkono una mazoea. Nikiacha vile, naona kama nimempunja mtu."

Mwokaji anasema siku hiyo ya mkate wa tatu alichoka. Akafuta mikono, akavuta kigoda, akamuuliza bila ukali: "Mtu akikuomba kitu, mzee wangu, nani alikuambia kwamba alichokuomba hakitoshi?"

Mwokaji anakumbuka kwamba mzee alikaa pale na bakuli la unga mapajani mpaka jua likaingia dirishani, kisha akaomba ruhusa kwenda kufungua bucha. Aliufungua mlango akausahau wazi.

"Nilikuwa nimeuona ule mfupa," ananiambia mzee. "Miaka yote sita nilijitetea kwamba niliuweka kwa sababu nampenda. Ni kweli, nampenda. Lakini mwenyewe alishaniambia anachotaka. Mimi nikaona nakijua zaidi yake."

Kesho yake alirudi akiwa amefunga kitambaa kwenye kifundo cha mkono wa kulia, eti kuukumbusha. Mkate wa nne ulitoka sawasawa.

Jumapili ya kwanza ya mwezi huu, siku mbili baada ya kutimiza siku zake thelathini, nilialikwa nyumbani kwake. Ni vyumba viwili nyuma ya bucha, vyenye sakafu ya saruji iliyosuguliwa ikang'aa. Mzee alikuwa ameamka saa tisa usiku. Sufuria na chombo cha kuokea alivinunua vipya, kwa sababu vya zamani, alisema, vina kumbukumbu zake.

Katikati ya meza uliwekwa mkate. Kandoni mwake alikuwa amepanga kila kilichoutengeneza: mfuko wa unga, mfuko wa sukari, pakiti tupu ya hamira, chupa ya mafuta, kopo la chumvi, na kisahani chenye maganda matatu ya ndizi. Alivisogeza na kuvipanga upya mara nyingi hadi nikatamani kumshika mikono.

Binti aliingia saa sita na dakika chache. Ana miaka ishirini na minane, na mabega ya baba yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Nimeoka."

Binti alicheka akidhani ni mzaha, halafu akaona meza. Mkoba wake wenye bakuli aliuweka kwenye kiti. Alisimama, akapitisha macho kwenye pakiti moja hadi nyingine, kama nadhani anavyofanya na chupa zake kazini. Akanyanyua ganda la ndizi, akaliweka chini.

"Ni hivi tu?"

"Hivi tu."

"Na nini kingine?"

"Hakuna kingine, mwanangu."

"Baba."

"Hakuna. Chumvi kijiko kimoja, juu nimekipitisha kisu. Ndizi tatu, maganda hayo hapo." Akasogeza kile kisahani pembeni. "Ule mfupa niliuweka kwa kusudi. Nilikuambia ulidondoka. Haukudondoka. Nisamehe."

Sikujua pa kutazama, nikatazama sakafu. Nilisikia kiti kikivutwa. Nilipoinua macho, binti alikuwa ameketi, machozi yanamtoka bila kuyafuta, na sahani yake ameisogeza mbele ya baba yake.

Mzee akakata kipande chembamba. Binti akamega, akanusa, akakitia mdomoni. Alitafuna taratibu sana. Baba yake alikuwa amesimama na kisu mkononi. Binti akameza. Akamaliza kipande chote, akaokota na makombo kwa kidole.

Kisha akasogeza sahani tena. "Niongeze."

Namjua Mzee Nyongeza kwa wiki chache tu, lakini nilijua mkono ule ulitamani kumpa nusu ya mkate. Uliinuka na kisu, ukasimama hewani.

"Kiasi gani?" akauliza.

Binti akaweka vidole viwili juu ya mkate kumwonyesha. Baba akakata hapohapo penye vidole.

Bakuli la kifuniko cha bluu halikufunguliwa siku hiyo. Binti aliondoka nalo kama alivyokuja nalo, na hakuna aliyelizungumzia. Mzee anasema hamwombi aliache. "Akitaka aje nalo hata miaka kumi. Ni haki yake."

Bucha bado liko wazi, na jina lake halijabadilika. Nyama anakula tena, mara moja moja, na nyongeza kwa wateja wake iko palepale, maana wao huja wakiitaka. Lakini alfajiri mbili kwa wiki anavuka barabara, anasugua mikono kwa limau na kuoka pamoja na mwalimu wake. Juzi mwokaji alimwuliza angependa kujifunza nini sasa. Keki ya tabaka, labda? Biskuti?

Mzee alisema yeye ana jambo moja tu mbele yake, Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, na halihitaji tanuri.

"Nitampikia maharage," alisema. "Maharage matupu."