Mbuzi Ndani ya Ndege

Bado wapo wanaonikataza kumsema yule mzungu wa mkonge, eti alitubeba bure. Nitamsema.

Miaka ile ya hamsini baba alikwenda Pemba kuchuma karafuu, mimi na shangazi tukafuatana naye, na huko ngiri ikambana. Daktari wa kumpasua alikuwa Tanga, na meli haikuwapo. Huyo bwana, mwenye shamba upande wa Pongwe, alikuwa Pemba kwa starehe ya kuvua samaki, na alikuja kwa ndege yake ndogo aliyoirusha mwenyewe. Akakubali kutuchukua: baba na mimi nyuma, shangazi mbele karibu naye.

Shangazi alikuwa na furushi. Bwana akaligusa kwa mguu.

"Nini hii?"

"Mbuzi, bwana."

"Mbuzi!" Akacheka. "Nyama mzuri. Weka hapo."

Kiswahili chake kilikuwa cha kuagizia chai. Furushi likawekwa chini ya dira, na ndani yake mlikuwa na mbuzi ya kukunia nazi, na ulimi wake wa chuma. Shangazi hakuwa mtu wa kukuna nazi kwa mbuzi ya jirani.

Mawingu yakatufunika. Chuma kinavuta mshale wa dira, naye anaufuata huku akipiga mluzi. Tulipotoka mawinguni tukaona pwani, wala haikuwa Tanga. Akasema upepo wa kusi umetusukuma hadi Moa, kaskazini, kwa hiyo akageuza ndege kwenda kusini. Kumbe tulikuwa juu ya Kipumbwi, huko huko kusini, Tanga tumekwisha kuiacha nyuma. Ujuaji mwingi mbele giza. Baba alikuwa anauma kanga asipige kelele, na huyu anazidi kumpeleka mbali na daktari.

Baba akatapika. Shangazi akapakata furushi alifungue, atoe kanga nyingine ya kumfutia, na mshale wa dira ukazunguka. Bwana akaona. Akamnyang'anya furushi, akachungulia ndani, uso ukamwiva.

"Hii si mbuzi!"

"Ndiyo yenyewe, bwana. Ulitaka ilie?"

Akairusha nyuma miguuni pangu. Mshale ukatulia, ndege ikageuka, tukapita Tongoni, tukatua Tanga. Baba alifika hai. Daktari alipompasua alikuta utumbo umeshaoza, akasema laiti tungewahi kidogo. Baba hakuzinduka tena.

Bwana alikuja matangani, kofia mkononi. Shangazi alimwekea wali wa nazi, maana mgeni ni mgeni, naye akala akamaliza. Kisha akanigeukia.

"Pole sana. Lakini yeye sema mbuzi."

Ndiyo, alisema mbuzi. Bwana mzima amekula wali wa pwani hii miaka nenda miaka rudi, wala hakuwahi hata mara moja kuuliza nazi yake inakunwa na nini. Nilimchukia siku ile, na namchukia mpaka leo.