Mtoto Aliyelazwa Juu ya Kabichi

Emmah alitoka Bungoma kuja kuolewa Chaka, na kifafa alikuja nacho. Hakumficha mumewe Kahiga, wala mama mkwe wake Njoki. Mtoto wa kwanza alipozaliwa akapewa jina la babu yake marehemu, Wambugu, mume wa Njoki, kama ilivyo desturi. Tangu hapo Njoki akawa anamwita "bwana yangu", na Emmah akakatazwa kumbeba mgongoni.

Mama gani huomba ruhusa ya kubeba mwanawe? Emmah alimeza dawa bila kuruka, akaacha kukesha. Muuguzi wa kliniki akamfundisha: vidole vya kushoto vikianza kufa ganzi, mweke mtoto chini, sogea usije ukamwangukia, keti, kaza ngumi, pumua polepole, uambie ugonjwa ungoje. Mara nyingine ulingoja, mara nyingine haukungoja.

Siku moja ya soko, baada ya kubembelezwa sana, Njoki alikubali. Emmah akamfunga Wambugu mgongoni kwa leso, akaja kununua vitunguu kwangu, kwenye kibanda changu cha mboga. Nikiwa nampimia, nikamwona anautazama mkono wake. Akafungua leso, akamlaza mtoto juu ya kabichi zangu, akaenda kuketi kando ya mtaro, ngumi ameikaza.

Mtoto akalia. Wanawake wakaanza kusema ati mama ametupa mtoto. Niliwaambia wafunge midomo, lakini umbea wa sokoni hauna breki. Emmah aliwasikia wote na hakuinuka.

Kifafa hakikuja. Alisimama kwa furaha, akarudi kumchukua mwanawe. Njoki alikuwa ameshaitwa, na Wambugu yuko mgongoni mwake.

"Mama, leo nimeshinda," Emmah akasema. "Niliweka yeye chini ndio nisianguke na yeye."

"Ungeanguka na yeye ningekuhurumia," Njoki akajibu. "Ugonjwa haina akili. Lakini wewe umeacha bwana yangu kwa kabichi ukiwa na akili yako yote."

Nilijaribu kumweleza maneno ya muuguzi. Akaniambia niuze vitunguu.

Kahiga alishika upande wa mamake. Mtoto akapelekwa Kangema kwa shangazi yake, akalelewe kwa chupa.

Kesho yake Emmah alikuja akaketi juu ya gunia langu, blauzi imelowa maziwa.

"Sasa niambie," akasema, "siku ingine nianguke na yeye ndio wanirudishie?"