Ng'ombe Wangu Ndio Waliomwoza Diwani

Watu wa Manga wakikusimulia habari za kaka yangu Josiah Okemwa wataanzia Kisumu, bandarini, pale alipoanza na mikungu ya ndizi akaishia kuwa diwani. Waache waanzie huko. Mimi nilizaliwa naye tumbo moja, na mimi naanzia kwa ng'ombe.

Mwaka 1957 niliolewa Ekerenyo, kwa Alfayo Makori, ambaye wakati huo ndio kwanza alikuwa anapanda chai. Ng'ombe wa mahari yangu walifika kwetu Manga asubuhi, na kabla mwezi haujaisha Josiah alikuwa ameshawaswaga hadi kwa baba yake Persis, karibu na mji wa Kisii. Ndiyo desturi yetu Wagusii: dada huolewa, ng'ombe wake humwoza kaka. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Yule Persis waliyemsifia viatu vya visigino na kitambaa cha hariri aliolewa kwa ng'ombe wangu mimi, Nyanchama. Sikumwambia mtu, lakini pia sikusahau.

Haukupita mwaka Alfayo akaanza kunipiga. Sitasema mengi, maana sasa ni marehemu. Siku moja nilitoroka, nikafika Manga uso umevimba. Mama alilia. Baba hakulia, aliuliza tu, "Na ng'ombe je?" Mke akirudi kwao, ng'ombe wa watu nao hurudi, na wangu walikuwa wanakamuliwa kwa kina Persis. Kuwadai huko ni kuvunja nyumba ya Josiah, na Persis alikuwa tayari ana mimba. Kesho yake Josiah akanirudisha kwa miguu. Tuliteremka ukingo wa Manga na umande, yeye amebeba kifurushi changu. Tulipofika langoni kwa Alfayo alinikabidhi kifurushi akasema, "Vumilia, dada." Akageuka. Hakuingia hata kunywa uji.

Mwaka huohuo akaenda Kisumu. Alianza kwa kubeba magunia gatini pamoja na makuli wengine. Macho yake lakini hayakuwa kwenye magunia. Aliona mabaharia wa meli za Mwanza na Bukoba wananunua chakula cha njiani kwa bei yoyote, akakumbuka ndizi zinazoozea migombani kwetu. Akapanga na wenye malori. Baada ya ndizi yakaja maharagwe, halafu wimbi, halafu sabuni na sukari za kuvusha ziwa. Uhuru ulipokuja, na Wahindi wengine wakaanza kufunga virago, alichukua duka la jumla la mmoja wao, lenye ghorofa na roshani inayotazama ziwa. Persis alikuwa akikaa kwenye roshani hiyo akichambua mchele. Mchele, siku ya kazi. Mimi wakati huo nilikuwa nachuma chai mvuani, mtoto mgongoni.

Sisemi kaka yangu hakuwa na akili. Alikuwa nayo, na roho pia, kwa watu wengine. Alianzisha chama cha watu wa kwetu waishio Kisumu, na kazi kubwa ya chama ilikuwa moja: Mgusii akifia kule, arudishwe azikwe kwao, kando ya nyumba yake, asitupwe kwenye udongo wa ugenini. Kuli, mfagizi, mama muuza mboga, wote Josiah aliwatafutia lori, akapanda mbele karibu na dereva, akawafikisha. Hata watu wa makabila mengine wakaanza kumwita kwenye mashauri yao. Ndiyo maana walimchagua udiwani, na alipoingia akapigania mabomba ya maji mitaa ya chini mpaka yakafika. Kila mtu ana habari njema ya Diwani Okemwa. Kila mtu alishamshika mkono.

Mimi nilitaka kitu kimoja tu. Nilitaka aingie nyumbani kwangu, akae, ale, watu wa Ekerenyo waone kwamba Nyanchama ana kaka. Mwanamke asiyetembelewa na kaka yake hupigwa bila hofu. Nilimlipa seremala wa Nyamira kwa kuku na ndizi anitengenezee kiti cha mikono, na kiti hicho hakikukaliwa na mtu. Alfayo akiuliza ni cha nani, nasema ni cha mgeni.

Basi mwaka 1971 akafa Obwocha, kijana wa jirani yetu, aliyekuwa kuli Kisumu. Nilijua lori litaletwa na nani. Nilichinja jogoo, nikasonga ugali wa wimbi, nikapika mboga za chinsaga kwa maziwa mpaka uchungu ukaisha. Nikatoa kiti nje kikapigwe na jua. Lori likaja, Josiah akashuka na koti jeusi, akasimama juu ya kaburi la mtoto wa watu akasema maneno yaliyoliza hata wazee. Kutoka kaburi lile hadi mlangoni kwangu ni umbali wa kuitana. Alipomaliza alinisalimu mbele za watu, mkono mmoja, macho pembeni, akasema barabara itaharibika kwa mvua. Persis, aliyekuja naye, akanijia na mkate na pakiti ya sukari.

"Wifi, pokea kidogo hiki," akasema.

Wifi. Mkate ule niliwapa kuku waliobaki. Roho iliniuma, haki ya Mungu, nikawaonea wivu hata maiti. Obwocha alisindikizwa hadi mlangoni kwa mama yake. Mimi niliye hai niliachwa barabarani.

Alfayo alipokufa miaka miwili baadaye, chama kilileta unga na turubai. Persis alikuja. Josiah, ati, alikuwa Mwanza kwa biashara.

Halafu ukaja mwaka 1977. Jumuiya ya nchi zetu tatu ikavunjika, mpaka wa Tanzania ukafungwa, na meli za kwenda ng'ambo zikasimama. Bidhaa za Josiah zilibaki upande wa pili na hazikurudi. Duka lilikwenda, ghorofa likaenda na roshani yake. Udiwani alibaki nao, lakini diwani asiye na duka hatafutwi asubuhi. Nilisikia habari hizo sokoni. Mnataka niseme nilihuzunika? Nilinunua sukari, nikaenda nyumbani, nikanywa chai tamu.

Mwezi wa Agosti mwaka huohuo binti yangu Gesare aliolewa na kijana mwalimu wa Nyamusi. Ng'ombe walikuja wazuri, wawili wana ndama. Hawajazoea boma bado, nikaona mtu anapanda njia yetu kwa miguu, koti mkononi. Ni Josiah.

Aliingia mwenyewe, bila kuitwa. Akaketi kwenye kile kiti. Miaka yote ile nilikuwa najiona nitakavyomkaribisha, na sasa nilisimama nikiushika mwiko, nisijue pa kuanzia. Nikampikia. Akala yote, akanawa, ndipo akasema.

"Dada, Cleophas wangu amepata mchumba. Baba wa msichana ni karani wa mjini Kisii, na anataka ng'ombe, hataki maneno. Mungu amenipa wana wa kiume watupu. Niazime ng'ombe wa Gesare."

Kumbe. Kiti, jogoo, miaka yote, na alichokuja kutafuta ni ng'ombe. Tena kwa ajili ya mtoto wa Persis, aliyekuwa tumboni siku ile niliporudishwa.

"Hapana," nikasema.

"Ogari wako bado yuko shule, haoi leo wala kesho. Wanasimama bure pale."

"Wasimame. Hata Ogari hataoa kwa hao. Atatafuta wake."

Akanitazama. "Nyanchama, huu ni wivu."

"Ndiyo, ni wivu," nikamjibu. "Nimemwonea mkeo wivu tangu siku ng'ombe wangu walipoingia kwao, na nitamwonea mpaka nife. Lakini sikunyimi kwa hilo. Gesare akipigwa akaja hapa uso umevimba, sitamwuliza ng'ombe wako wapi. Atawaona mwenyewe, na yule mwalimu atapewa wake aende nao."

Josiah aliinamisha kichwa. Kisha akasema polepole, "Siku ile ya Obwocha nilifika hadi kwenye lango lako. Nikaliona lango, nikashindwa."

"Nilikuona," nikasema. Sikuwa nimemwona.

Nilimsindikiza hadi barabarani. Alipopita boma alisimama akawatazama wale ng'ombe, akaondoka. Cleophas alioa mwaka uliofuata, sijui kwa ng'ombe gani, na Persis hajaniita wifi tena.

Gesare alinitembelea Krismasi na mumewe, amenenepa, anacheka, kikapu kimejaa. Yule mwalimu alimtolea kikapu kichwani mbele yangu, bila haya. Gesare akaona ng'ombe bado wote wapo, akasema, "Mama, si uwauze basi? Mimi sirudi." Nikamwambia akachote maji aache maneno. Nilimtazama akishuka mtoni anaimba, mtoto wangu wa kumzaa, mwenye ng'ombe wanaomngoja nyumbani asiowahitaji. Na yeye pia nikamwonea wivu.