Benta Aliyefungua Faili

Siku ya kazi usimtafute Benta kwake Ngoingwa. Utampata katika zahanati fulani kati ya Ruiru na Thika, tableti mkononi, akihesabu sekunde. Serikali imetoa pesa ili faili ya mgonjwa isomeke katika kila zahanati, na Benta ameajiriwa kwa mkataba kupima kama mradi huo unafanya kazi. Mgonjwa akiandikishwa, namba ya siri hutumwa kwa simu ya mkuu wa familia. Namba ikisomwa, faili inafunguka. Ikifunguka chini ya dakika moja, zahanati imepita. Fomu yake ina maswali arobaini, na hakuna hata moja linalouliza simu hiyo iko mfukoni mwa nani.

Wala usimwone mjinga. Baba yake, fundi wa kiwandani, alikufa kwa kudungwa sindano ya dawa ambayo mwili wake haukupatana nayo, kisa na sababu faili ilikuwa zahanati nyingine. Benta alikuwa na miaka kumi na sita. Tangu hapo aliichukia karatasi kama mtu anavyomchukia aliyemuulia mzazi.

Ndiyo sababu Jumanne ile alipomkuta Maluki, karani wa rekodi wa zahanati moja ya Makongeni, akiandika mgonjwa kwenye kadi, damu ilimchemka.

"Mzee Maluki, karatasi tena? Ndio maana mko nyuma!"

Maluki hakuinua kichwa. "Madam, kuna wagonjwa wanaangalia mlango kuliko wanavyoangalia daktari. Hao mimi huwaandika hapa. Huyu niachie."

Mgonjwa mwenyewe, Warigia, alikuwa na jicho lililofumba kwa uvimbe na vidole viwili vilivyovunjika. Alisema ameanguka kwa ngazi. Ukweli ni kwamba alikuwa amemtoroka mumewe Ruiru siku mbili kabla, akajificha kwa dada yake, lakini aibu ilimfunga mdomo.

"Hiyo namba iko kwa system si yangu, sista," alisema polepole. "Ni ya Baba Cindy, bwana yangu. Karatasi iko tu sawa, haki."

"Na kama kuna dawa inakudhuru, nani atajua?" Benta alimuuliza kwa upole, baba yake akimjia moyoni. Akabonyeza.

Ujumbe ulikwenda Ruiru ukiwa na jina la zahanati na namba yake ya simu. Hilo Warigia hakulijua. Benta alilijua, na hakulifikiria. Hazikupita sekunde nyingi simu ya mezani ikalia, Benta akaipokea.

"Habari yako, madam? Naitwa Ndegwa," ilisema sauti yenye adabu zake zote. "Nimepata hiyo code. Andika." Akasoma tarakimu sita, moja moja. "Mwambie Mama Cindy asitoke. Nakuja kumchukua."

Faili ikafunguka. Sekunde thelathini na nane! Benta alikuwa bado anatabasamu alipoanza kusoma. Februari, mbavu mbili: aliteleza bafuni. Mei, taya: aliteleza. Agosti, mgongo kuungua maji moto: aliteleza. Zahanati tatu tofauti za Ruiru, na kila daktari alikuwa ameona kisa kimoja tu.

"Ni nani amepiga simu?" Warigia aliuliza.

Benta alimwambia.

"Basi umeniua," Warigia alisema, bila hata kupandisha sauti.

Maluki alimfungia Warigia kwenye stoo ya dawa, Benta akawapigia polisi. Waliahidi kuja. Kutoka Ruiru kwa pikipiki si mbali, na Ndegwa akawatangulia.

Ndegwa huchonga mawe ya kujengea, na alikuja na nyundo yake ya kazi. Maluki alisimama mbele ya stoo, akanyoosha mikono. "Kijana, hapa ni hospitali." Nyundo ilimshukia begani, mfupa ukalia kama kuni kavu. Pigo la pili lilipasua mlango. Kina mama waliokuja kliniki walikumbatia watoto wao wakalala chini ya mabenchi, wakipiga mayowe.

Benta alimrukia mgongoni, akamng'ata sikio hadi damu ikamjaa mdomoni. Ndegwa alimbamiza ukutani, meno mawili yakatoka. Kisha akamburuta Warigia kwa nywele hadi katikati ya sakafu.

"Unanianika kwa serikali?" alimuuliza, na kila neno lilikuwa na pigo lake: paja, mkono, taya. "Unanianika?"

Benta alitambaa akashika chuma cha kutundikia dripu. Alimpiga Ndegwa mgongoni, akampiga tena, akampiga tena, na hakuwa akimwokoa mtu tena: alitaka kuua, na ilikuwa tamu. Vijana wa bodaboda waliposikia kelele na kuingia, Ndegwa aliruka dirishani, akapanda pikipiki yake akapotea.

Polisi walianza kumsaka. Warigia alihamishiwa hospitali nyingine mbali na hapo, na jina la hospitali hiyo likafichwa hata kwa dada yake. Ripoti ya mradi ikatoka baada ya wiki tatu: zahanati ya Makongeni imepita, tena kwa sifa. Benta aliisoma, akalia kwa hasira.

Jumapili alipika uji wa wimbi, akautia kwenye themosi, akaenda. Alimkuta Warigia kitandani karibu na dirisha, taya limefungwa kwa nyaya. Akapiga magoti.

"Nisamehe, dada yangu. Mimi ndiye niliyefungua ile faili. Ndegwa bado hajashikwa, lakini hapa uko salama."

Warigia hakuwa akimtazama. Alikuwa akitazama mlango nyuma yake.

"Nani amekuambia niko hapa?" aliuliza kupitia meno yaliyofungwa.

Hakuna aliyemwambia Benta. Asubuhi hiyo, uji ukichemka jikoni, alikuwa ameandika jina la Warigia kwenye tableti, na bila kuulizwa namba yoyote ya siri akaonyeshwa hospitali, wodi na kitanda.

Warigia alikuwa tayari ameanza kushusha miguu sakafuni, akitafuta viatu vyake.