Kumkatia Simu Aliyekupa Shikamoo

Nikiwa kidato cha pili sauti yangu ilinenepa ghafla, na badala ya kuitumia kwenye kwaya kama mama alivyoomba, nikaanza kuigiza watu. Nilianza na mwalimu wa zamu, nikaja kwa katekista, nikamalizia na mzee anayetangaza misiba kwa kipaza sauti mtaani kwetu Mabatini. Kila mtu mzima ana kitu anachokirudia bila kujua, kikohozi au neno, na ukikikamata hicho umemkamata mzima mzima. Shangazi, ninayeishi naye, alisema kipaji hiki kitanifikisha Butimba, na hakuwa na maana ya chuo cha ualimu bali gereza.

Shangazi ni injinia wa mitandao katika kiwanda cha minofu ya sangara kando ya ziwa. Majirani wakisikia mitandao wanamletea simu zao awawekee WhatsApp. Anawaeleza kwamba mtandao wake hauna picha za harusi, unaunganisha mashine na mashine: vipimajoto vya vyumba vya baridi, mitambo ya kugandisha, na kompyuta inayoiamuru. Anaeleza kwa Kiswahili, halafu kwa Kiingereza, halafu tena kwa Kiswahili, maana sisi watu wa Bukoba hatujisifu, tunahakikisha tu kwamba umeelewa.

Jumamosi moja tukimenya ndizi nikamuuliza, "Sasa hiyo mashine inajuaje kwamba anayeiamuru ni wewe?"

"Haijui."

"Haijui vipi?"

"Ni mashine za zamani. Ukizungumza lugha yake vizuri, inatii. Ukiiambia ipandishe joto, inapandisha."

"Hata 'nani mwenzangu' haiulizi?"

"Haiulizi. Menya."

Nilimenya, lakini akili ilishatoka jikoni. Yaani kuna kitu duniani chenye nguvu ya kugandisha tani za samaki, na kinadanganyika kuliko mdogo wangu? Nikataka kujua kila kitu. Shangazi alipoona ndizi moja nimeimenya mpaka imebaki kama penseli, akanieleza. Kiwanda kilikuwa na mlango usioonekana, ambao mafundi waliofunga mitambo walipitia kuingia kwenye mtandao wakiwa mbali, warekebishe bila kupanda ndege. Kwa miaka mlango huo ulikaa wazi. Mhuni yeyote angeweza kuupitia, akapandisha joto huku kompyuta ikionyesha kila kitu shwari, na minofu ikaoza gizani bila mtu kujua. Shangazi akaufunga. Sasa unafunguka tu mtu akizungusha ufunguo wa chuma kwenye kisanduku kilichoko ukutani, chumba cha mitambo.

"Na anayeuzungusha ni nani?"

"Mzee wangu mmoja anayekaa na mitambo."

"Na yeye huwa anauliza 'nani mwenzangu'?"

Shangazi aliweka kisu chini. Jumatatu yake alimpelekea meneja swali langu kama lilivyokuwa, na wiki ya kwanza ya likizo nikajikuta ofisini kwa meneja, nimevaa shati la kanisani, nikimsikiliza kwa makini mtu ninayetakiwa kumwigiza. Meneja mwenyewe alitaka swali lijaribiwe: nimpigie mzee kwa sauti yake, tuone kama atauliza. Alikohoa kidogo kabla ya kila sentensi na kumalizia na "sawasawa, sawasawa". Kazi nyepesi. Jambo moja tu nisingelijua kama shangazi asingenidokeza: mzee alimzidi meneja umri, kwa hiyo meneja ndiye aliyetoa shikamoo.

Nikapiga kwa simu ya shangazi, spika imewekwa. Simu ya chumba cha mitambo ni ile ya mezani, haionyeshi namba.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, bosi wangu. Mama anaendeleaje?"

"Ehm. Anaendelea vizuri. Mzee, zungusha ule ufunguo, fundi anataka kuingia. Sawasawa?"

"Tayari, bosi." Tukasikia chuma kikilia. "Halafu nimewawekea watoto matobolwa kutoka Misungwi. Upite uyachukue."

Ni mimi peke yangu niliyecheka. Meneja aliitazama simu kama imemtukana. Akasema mzee atahamishiwa getini akahesabu malori, na kwenye kile kiti atawekwa kijana mwenye macho makavu. Shangazi akamwambia kwamba mzee hajawahi kufundishwa jambo hilo na mtu yeyote. Wakabishana. Mwisho meneja akakubali: mzee afundishwe, halafu siku asiyoijua apigiwe tena. Akizungusha, anakwenda getini.

Hapo kicheko kikaniishia. Getini hakuna hata kivuli, na mzee yule alikuwa amekaa na ile mitambo tangu inafungwa. Huitambua kwa mlio, kama mama anavyomtambua mtoto wake kati ya wanaolia.

Shangazi alinipeleka kumsalimia. Nilikuta mtu mfupi, koti zito, mfukoni matobolwa, yale ya viazi vitamu vilivyochemshwa vikaanikwa mpaka vikawa vigumu kama kandambili. Alishaambiwa kilichotokea, na kwamba siku moja atapigiwa tena.

"Kumbe ni wewe," akasema, akiona ninavyoyakodolea macho matobolwa. "Koo la bosi, tumbo la fisi. Kaa."

Shangazi akamweleza utaratibu: yeyote akipiga kutaka mlango ufunguliwe, hata awe meneja, kata simu, kisha piga wewe kwenye namba ya meneja iliyobandikwa ukutani. Akikubali mwenyewe, zungusha.

"Nikate?"

"Ukate, baba."

"Mtu amenipa shikamoo, mimi nimkatie?" Alitutazama mmoja mmoja. "Injinia, mimi hata kuku simfukuzi akiwa anakunywa maji."

Tukafanya mazoezi. Nilikwenda chumba cha pili nikampigia kwa sauti ya meneja, ya katekista, ya mtangaza misiba. Kukata alikata, ila aliomba radhi kwanza, akaulizia nyumbani, akaeleza kwamba si kwa ubaya, akamtaja na injinia aliyemlazimisha. Mhuni mwenye subira angemaliza shughuli zake akarudi kabla hajakatiwa. Nikamwambia, "Babu, ukiendelea hivi utamkatia mtu akiwa ameshazeeka." Akanirushia tobolwa. Lilinipata sikioni, na lina uzito.

Nilipokuwa naaga aliniuliza taratibu, "Ni lini, mjukuu?"

Nilijua. Shangazi alikuwa ameniapisha. Nikasema sijui, na nadhani aliona kwamba najua, maana hakuuliza tena. Aliyapanga upya makaratasi yaliyokuwa yamepangwa.

Siku yenyewe tulikutana tena ofisini kwa meneja, saa za mchana. Shangazi aliniambia nisimwonee huruma, maana mhuni hatamwonea. Kwa hiyo nilijiandaa kwelikweli. Nilikohoa kikohozi chenye haraka ndani yake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, bosi. Mama hajambo?"

"Hajambo. Mzee, kuna mtambo unataka kuharibika, fundi yuko hewani anasubiri. Zungusha ufunguo upesi. Sawasawa?"

Nyuma yake mitambo ilikuwa ikinguruma. Nilisikia kiti kikisogea, na nyayo, na nikajua anaelekea kwenye kisanduku. Nilitamani kukohoa kwa sauti yangu mwenyewe. Shangazi alikuwa amefumba macho.

"Bosi," akasema kwa mbali, "mimi nakuheshimu sana."

"Najua, mzee. Zungusha basi."

Nyayo zikarudi. "Ndiyo maana nakukatia."

Na kweli akakata. Hakuuliza habari za watoto wala nini.

Simu ya meneja ikaanza kuita juu ya meza. Meneja aliitazama. Shangazi akamwambia, "Pokea, ni yako."

"Ehm. Shikamoo mzee," akasema meneja baada ya kuweka spika, na nikasikia jinsi nilivyokuwa nimemkosea kidogo kwenye ile "ehm".

"Marahaba. Ni wewe uliyenipigia sasa hivi?"

"Hapana, mzee. Si mimi."

"Basi ufunguo uko palepale." Akavuta pumzi ndefu. "Na matobolwa ya watoto bado yapo, hujaja kuyachukua."

"Matobolwa gani?" akauliza meneja, aliyekwisha kuyasahau.

Shangazi alicheka mpaka akakaa chini. Meneja alikata simu akasema, bila kututazama, kwamba getini watatafuta mtu mwingine.

Mimi sikusubiri zaidi, nikatoka. Kwa hesabu zangu matobolwa yale aliahidiwa mwenye sauti, na sauti ni yangu. Nilimkuta mzee amekaa kwenye kiti chake, amevua koti ingawa mle ndani ni baridi, na kifurushi kiko pembeni ya kisanduku.

"Babu, meneja amenituma nichukue ule mzigo wa watoto."

Mzee alinitazama. Akaangalia namba iliyobandikwa ukutani, akanyanyua simu.